Mwaka ambao Ziwa Naivasha lilifungwa: uchambuzi wa kisa

Mapema mwaka 2001 serikali ya Kenya ilifunga uvuvi wa biashara katika Ziwa Naivasha kwa mwaka mzima. Nyavu zikatolewa majini, mashua zikavutwa nchi kavu, na watu waliokuwa wakila kwa jasho la ziwa hilo wakaambiwa watafute riziki kwingine. Mavuno yalikuwa yameporomoka. Samaki waliokuwa wakinaswa walikuwa wadogo, nyavu za matundu madogo zilikuwa zimezagaa, na ukame uliokuwa umeikumba nchi ulikuwa umeyavuta maji mbali na mafunjo. Mwaka 2002 ziwa likafunguliwa, mashua zikiwa chache na masharti yakiwa mengi. Baada ya hapo mavuno yakapanda.

Hivyo ndivyo kisa hiki husimuliwa kwenye warsha za uvuvi: samaki waliisha, tukafunga, samaki wakarudi. Hakuna uongo ndani yake. Ila kuna swali moja ambalo msimulizi huwa halifikii, nalo ni samaki gani waliorudi. Ukilijibu hilo, kisa chote kinageuka. Maoni yangu ni kwamba kufunga ziwa ulikuwa uamuzi mzuri uliopewa sifa ya kazi usiyoifanya, na kwamba sifa hiyo imewatia wasimamizi uvivu wa aina fulani: wanahesabu mashua na kupima matundu ya nyavu, ilhali mambo mawili yanayoamua zaidi hatima ya samaki wa Naivasha, yaani kina cha maji na umiliki wa ukingo, yako mikononi mwa watu wengine kabisa.

Ziwa lenyewe

Naivasha liko ndani ya Bonde la Ufa, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, katika Kaunti ya Nakuru. Maji yake mengi huletwa na Mto Malewa. Mto Gilgil huongeza kidogo, na Karati huongeza pale unapokuwa na maji, maana ni mto wa msimu. Hakuna mto unaotoka. Maziwa ya Bonde la Ufa yasiyo na njia ya kutokea kwa kawaida hugeuka kuwa ya magadi, kama lilivyo jirani yake Elmenteita. Naivasha limesalimika kwa sababu maji yake hupenya chini ya ardhi na kwenda na chumvi yake. Kwa hiyo tilapia, mashamba ya maua na mji mzima wa Naivasha vinategemea uvujaji usioonekana na mtu.

Wastani wa kina chake ni mita 4 hadi 6, na eneo lake ni takriban kilomita za mraba 140, ingawa takwimu hiyo haikai mahali pamoja kwa miaka mingi mfululizo. Katikati ya miaka ya 1940 lilipungua mno. Mwaka 2009 lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu wakati huo. Mwaka 2020 likafurika hadi kuingia kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto na kuwahamisha watu.

Kwa mtu aliyezoea ziwa lenye kina, kushuka kwa maji kwa mita moja ni habari ya mstari wa rangi kwenye mwamba. Kwenye ziwa bapa, mita moja ni mamia ya mita za tope lililoachwa wazi. Na eneo linaloachwa wazi ndilo lile lile ambalo tilapia hutumia kuzalia: maji ya kufika magotini au kiunoni, yenye joto, yenye mimea ya kujificha vifaranga. Maji yakishuka, chumba cha uzazi ndicho hukauka kwanza. Samaki wakubwa husogea kuelekea katikati, wakabanana kwenye maji machache, na huko nyavu zinawangoja. Ndiyo maana mwanzo wa janga kwenye ziwa la namna hii unaweza kufanana na neema. Kwa miezi kadhaa mvuvi hujaza mashua kwa urahisi kuliko kawaida, karani wa mwaloni, yaani mahali pa kushushia samaki, anaandika tani nzuri, na hakuna anayeona kwamba kinacholiwa ni mtaji.

Jambo la pili ni upepo. Alasiri unapovuma, hukoroga ziwa bapa hadi chini, tope hupanda pamoja na mbolea iliyokuwa imetulia ndani yake, na mwanga haupenyi. Kama chini kuna majani yaliyoshika udongo, tope hutulia upesi. Yakiondoka, maji hubaki mavi ya ng'ombe kwa rangi, mwani hupata nafasi, na majani hushindwa kuota tena kwa sababu ya giza. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Wavu wa ukubwa wowote hauugusi.

Vyaelea, vimeundwa

Hapa pana jambo ambalo mjadala wa uhifadhi wa Naivasha hulipita haraka mno. Ukiona vyaelea vimeundwa, na samaki wa Naivasha wameundwa kwa maana halisi. Samaki pekee wa asili wa ziwa hilo aliyejulikana kisayansi alikuwa kidagaa mdogo, Aplocheilichthys antinorii, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1962. Wengine wote walipelekwa, au walijipeleka baada ya binadamu kuwafungulia mlango.

Mwaka 1925 alipelekwa tilapia wa Mto Athi, Oreochromis spilurus niger. Mwaka 1929 akaja mla-nyama kutoka Marekani, Micropterus salmoides, ambaye hapa nitamwita mdomo mpana. Alipendwa na wazungu walowezi waliovua kwa ndoano kwa kujifurahisha. Mwaka 1956 wakaongezwa Tilapia zillii na Oreochromis leucostictus. Uvuvi wa biashara ulifunguliwa rasmi mwaka 1959, na mwaka 1970 mavuno yakapita tani 1,000. Mwaka huo huo wa 1970 wakaingizwa ziwani kamba wekundu wa Louisiana, viumbe wa maji wenye gamba na koleo kama kaa. Kamba hao wakaongezeka, wakala majani ya chini ya maji, na katika miaka ya 1980 kulikuwa na vipindi ambapo majani hayo yalitoweka karibu kabisa. Kisha kamba wenyewe wakapungua kwa kukosa chakula, majani yakarudi, kamba wakarudi. Ongeza salvinia, gugu linaloelea lililotanda juu ya maji tangu miaka ya 1960, na gugumaji lililoingia mwishoni mwa miaka ya 1980.

Yule tilapia wa mwaka 1925 hakuvuliwa hadi kuisha. Alizaliana na leucostictus, machotara wakajaa ziwani, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 aina yake safi ilikuwa imemezwa. Habari hiyo imeandikwa kisayansi kwa zaidi ya nusu karne. Nashangaa jinsi inavyosahaulika kila mara vifaranga wa aina nyingine wanapomwagwa ziwani mbele ya kamera.

Kwa nini historia hii ndefu katika uchambuzi wa mwaka 2001? Kwa sababu neno lililotumika kufunga ziwa ni kwamba samaki wapewe muda wa kurudi katika hali yao. Hali ipi? Ya 1970, yenye tilapia wawili na mdomo mpana? Ya 1958, kabla ya wavu wa kwanza wa biashara? Ziwa lenye samaki wa asili lina kipimo chake cha kurejelea, hata kama hakifikiki. Naivasha halina. Ni lazima mtu aseme waziwazi anataka ziwa hilo litoe nini, kwa ajili ya nani, na samaki yupi atangulizwe pale wawili wanapogombana. Mwaka 2001 swali hilo halikuwa mezani. Mezani palikuwa na nyavu.

Maji ya umma, ukingo wa mtu

Kisheria ziwa ni mali ya umma. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inaweka maziwa katika ardhi ya umma, na hata kabla ya hapo hakuna aliyedai kumiliki maji ya Naivasha. Lakini ili uvue lazima ufike majini, na kufika majini kunapitia ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ya mzunguko wa ziwa ina hati ya mtu: shamba la maua, hoteli, ranchi, nyumba ya mapumziko. Tangu makubaliano ya miaka ya 1930 kati ya wenye ardhi na serikali ya kikoloni, mwenye shamba la kandokando aliruhusiwa kutumia ardhi inayoachwa wazi maji yanaposhuka, kwa sharti la kutojenga kitu cha kudumu. Kwa hiyo ukingo husogea na mwenyewe husogea nao. Ziwa likipungua, anayepata ardhi ni jirani yake, na anayezidi kuwa mbali na maji ni mvuvi.

Njia za umma za kufikia ziwa zimebaki chache, na mialo inahesabika: Karagita, Kamere na mingine michache. Wakati huohuo mashamba ya maua, yaliyopanuka sana tangu miaka ya 1980, yalivuta makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Wengi ni vibarua wa msimu, na baadhi yao walitoka kando ya Ziwa Victoria wakiijua kazi ya maji tangu utotoni. Kazi ya shamba ikikatika, ziwa liko pale, umbali wa kutembea.

Kutokana na hali hiyo akazaliwa mvuvi wa miguu. Hana mashua wala leseni wala mwalo. Anaingia usiku au alfajiri kupitia mwanya kwenye ua, anatembea ndani ya maji hadi kifuani, anaburuta kipande cha wavu kati ya mafunjo. Viboko wanamjua. Watu wamekufa hivyo, na wanaendelea kufa. Anaitwa mvuvi haramu, na kweli anavunja sheria, lakini tazama mahali alipo: yuko kwenye maji ya kufika kifuani kwa sababu hana chombo cha kumfikisha ndani. Maji ya kufika kifuani ndiyo mazalia. Wavu wake una matundu madogo kwa sababu samaki wa pale ni wadogo. Hakuchagua kuua vifaranga. Mpangilio wa ukingo na leseni ulimsukuma kwenye sehemu ya ziwa ambapo madhara ya kila kilo ni makubwa kuliko penginepo popote.

Hili kwangu ndilo kiini cha kisa chote. Kila leseni iliyopunguzwa kwa jina la uhifadhi bila kufikiria mtu atakayetoka kwenye mashua atakwenda wapi, huhamisha juhudi ya uvuvi kutoka maji ya kina kwenda ukingoni. Kwenye karatasi mashua zimepungua. Ziwani, shinikizo limehamia kwenye chumba cha uzazi.

Mwaka wa kufungwa ulifanya nini hasa

Tuanze na kile ambacho ungeweza kufanya. Oreochromis leucostictus hukomaa mapema na hukua upesi. Jike hutaga mayai mamia machache tu kwa mkupuo, lakini huyaatamia mdomoni na huweza kurudia mara kadhaa kwa mwaka. Kwa samaki wa aina hiyo, mwaka mmoja bila nyavu ni muda wa kutosha kizazi kimoja kipite salama, pengine viwili. Kwa hiyo ongezeko la samaki wakati wa kufungua lilitarajiwa, na hakuna miujiza ndani yake.

Ila kilichopatikana kwa haraka huondoka kwa haraka. Samaki anayerudi kwa mwaka mmoja huweza kuvuliwa tena kwa msimu mmoja endapo nyavu zitarudi zote kwa pamoja. Thamani ya kufunga ziwa la namna hii haimo katika mwaka wenyewe. Imo katika siku ya kufungua: nani anarudi, na mashua ngapi, na wavu gani. Hapo wasimamizi wa Naivasha walifanya kazi ambayo haisifiwi inavyostahili. Idadi ya mashua iliwekewa ukomo. Matundu ya wavu yaliwekewa kima cha chini cha inchi 4. Samaki walitakiwa kupitia mialo inayotambuliwa, na wavuvi wenyewe wakaingizwa kwenye doria na maamuzi, miaka kadhaa kabla kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, hazijachapishwa mwaka 2007. Ukiniuliza ni nini kilichodumu kutoka mwaka 2001, nitakutajia mazoea hayo ya kukaa meza moja kabla sijawataja samaki.

Gharama haikugawanywa sawa. Katika uvuvi wa Naivasha, mwenye leseni na mashua mara nyingi si yule anayeshika kasia. Mwenye mashua aliweza kusubiri, maana ana duka, shamba au nyumba ya kupangisha. Mfanyakazi wake, anayelipwa kwa mgao wa siku, hakuwa na cha kusubiria. Mama samaki mwenye karai moja alikuwa katika hali hiyo hiyo. Na mlango wa kuingia ziwani kwa miguu ulikuwa wazi mwaka mzima. Kufunga uvuvi bila kuwafidia walioko chini ni kuwaalika wafanye kazi ile ile mahali pabaya zaidi.

Mgeni asiyealikwa

Sasa swali la samaki gani. Katika rekodi za mwaka huohuo wa 2001 akaonekana samaki ambaye hakuwa kwenye mpango wa mtu yeyote: kapu, Cyprinus carpio. Inaaminika alitoroka kutoka mabwawa ya kufugia yaliyo juu katika bonde la Malewa na kushuka na mto. Ndani ya miaka michache alikuwa ndiye samaki mkuu kwenye mizani ya mialo yote, na tilapia na mdomo mpana wakawa nyongeza.

Jike mkubwa wa kapu hutaga mayai laki kadhaa kwa mwaka, yakanata kwenye majani. Halinganishwi na jike wa tilapia na mayai yake mamia. Hula kwa kufukua tope: anavuta, anachuja, anatema. Anayaweza maji machafu yenye oksijeni kidogo. Kwenye ziwa bapa ambalo upepo ulishalikoroga, kamba walishalinyoa majani, na maji ya mto yalishalijaza udongo wa mashamba ya juu, kapu alikuta makao yamekwisha kuandaliwa.

Kuna sadfa hapa ambayo sijaona ikipewa uzito. Miezi ile ambayo kapu wa mwanzo walikuwa wakijikita ilikuwa miezi isiyo na nyavu halali ziwani. Sisemi kwamba kufunga ziwa kulimleta kapu, wala kwamba nyavu zingemzuia; samaki mwenye uzazi wa namna ile angepenya. Nasema tu kwamba mwaka wa mapumziko haubagui. Humpumzisha kila aliyemo, na humnufaisha zaidi mwenye uwezo mkubwa wa kuongezeka. Kama hukagui ni nani yumo, hujui unampumzisha nani.

Kisha likaja kosa la kusoma takwimu. Tani zilipanda baada ya 2002, na kufungwa kwa ziwa kulitangulia, basi kufungwa kukapewa shukrani. Lakini tani za kapu na tani za tilapia si kitu kimoja, mezani wala ziwani. Mwanzoni wanunuzi wengi hawakumpenda kapu kwa miiba yake, na bei yake ilikuwa chini. Na tundu la inchi 4 lililowekwa kwa kumfikiria tilapia lilimkuta kapu angali mtoto, maana kapu hukomaa akiwa na mwili mkubwa zaidi kuliko leucostictus. Wavu uleule, sheria ileile, ulikuwa unamvua mmoja kwa umri unaofaa na mwingine kabla hajazaa. Mtu anaweza kusema, vizuri, mvueni huyo mgeni hadi aishe. Hilo nalo ni chaguo halali, ila lilipaswa kuwa chaguo, kwa kuwa familia nyingi zilikuwa zimeanza kumtegemea. Ukweli ni kwamba kapu ndiye aliyewalisha wavuvi wa Naivasha katika miaka ambayo tilapia hakuweza. Mimi simpendi kwa anachofanya kwenye tope, lakini siwezi kumkana kwenye hesabu.

Maji yanapochukua usukani

Mwaka 2009 ukame ulilishusha ziwa vibaya. Mafunjo yakabaki yamesimama kwenye ardhi kavu, mbali na maji, yakalishwa mifugo na mengine kuchomwa. Mafunjo hayo, hasa upande wa kaskazini ambako Malewa unaingia, huchuja udongo na mbolea kabla maji hayajafika ziwani. Yakikosekana, mvua ya kwanza kubwa huingiza kila kitu moja kwa moja. Februari 2010, baada ya mvua, samaki wengi walielea wamekufa. Vidole vilielekezwa kwa dawa za mashamba ya maua, na wachunguzi wakaeleza kwamba oksijeni ilishuka. Kwenye ziwa bapa lililopungua na kujaa uchafu unaooza, oksijeni haihitaji sumu ili kushuka. Upepo mmoja wa kukoroga tope unatosha. Lakini pia ni rahisi mno kwa kila mmoja kujificha nyuma ya neno oksijeni, kana kwamba imejishukia yenyewe.

Kuanzia 2011 maji yakaanza kupanda. Mwaka huohuo serikali iliunda bodi ya Imarisha Naivasha kuunganisha juhudi za bonde zima, na huko juu kwenye vyanzo vya Malewa wakulima walikuwa wamekwisha kuanza kulipwa kidogo na watumiaji wa maji wa chini ili wapande miti na nyasi za kuzuia udongo. Tilapia wa Mto Nile, Oreochromis niloticus, ambaye alipelekwa mwaka 1967 akatoweka ndani ya miaka michache, alirejeshwa, na safari hii akakaa. Kambare naye akatokea. Maji yalipofurika kufikia 2020 yalifunika malisho, bustani na nyua, na kwa samaki hiyo ilikuwa maelfu ya ekari za mazalia mapya.

Kwa watu ilikuwa hasara. Mialo ilizama, vyoo vya mialoni vilizama, na viboko waliosukumwa na maji walisogea karibu na makazi. Ila ukiangalia samaki peke yake, mafuriko yalifanya kazi ambayo hakuna kanuni ya nyavu ingeweza kuifanya. Hakuna aliyeyapanga. Hakuna idara ya uvuvi yenye mkono kwenye bomba la Malewa, wala kura kwenye vibali vya kuvuta maji.

Anayesimamia ni nani

Hapa sitakaa sana, maana orodha ya vyombo inachosha. Katiba iliwapa kaunti uvuvi kama sehemu ya kilimo. Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016 ikaunda Huduma ya Uvuvi ya Kenya katika ngazi ya taifa. Maji yana mamlaka yake, wanyamapori wana shirika lao, mazingira yana mamlaka yake, na chama cha wamiliki wa ardhi ya ukingo ni cha tangu enzi za ukoloni. Tangu 1995 ziwa liko pia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mvuvi anayekamatwa ukingoni anaweza kuwa amevunja kanuni za watatu kati ya hao kwa wavu mmoja, na samaki wanaokufa kwa maji kupungua hawana hata mmoja wa kumshtaki.

Kama uamuzi ungekuwa wangu

Ningelifunga ziwa pia mwaka 2001. Kwa mavuno yale na ukame ule, kungoja kungekuwa uzembe. Ila nisingelifunga lote kwa namna moja. Maji ya kati yangefungwa kwa muda, lakini mkanda wa ukingo wenye majani, kuanzia mdomo wa Malewa na mafunjo ya kaskazini, ungefungwa moja kwa moja, usifunguliwe na sherehe yoyote. Eneo linalofungwa daima ni rahisi kulilinda kuliko msimu unaofunguliwa na kufungwa, kwa sababu kila mtu anayeonekana ndani yake ana makosa. Hakuna kubishana kuhusu tarehe wala tundu la wavu.

Juhudi ya uvuvi ningeifunga kwenye kipimo cha maji. Nguzo za kupimia kina zipo na zimesomwa Naivasha kwa zaidi ya miaka mia. Kanuni ingesema: maji yakishuka chini ya alama fulani, nyavu kwa kila mashua zinapungua siku hiyohiyo, bila kungoja samaki waanze kuwa wadogo, yakipanda juu ya alama nyingine, ardhi iliyofunikwa inahesabiwa kuwa mazalia, na mwenye hati yake hana haki ya kuvua humo wala kuweka ua ndani ya maji. Wavuvi wangelalamika wakati maji yako chini, hasa katika ile miezi ambapo samaki wamebanana na mashua zinajaa. Ndiyo miezi ambayo kanuni inahitajika.

Wavuvi wa miguu ningewaandikisha. Najua wenye leseni hawatalipenda hilo, na wana hoja: wao wamelipa ada na kukaa mwaka mzima bila kuvua. Lakini doria imekuwa ikiwakamata vijana hao kwa miongo miwili na zaidi na idadi yao haijaisha, kwa kuwa kinachowaleta ni mshahara wa shamba unaokatika na ukingo uliofungwa. Mtu mwenye nafasi kwenye mashua, hata ya zamu, ana sababu ya kumripoti anayeingia kwenye mazalia. Hilo litahitaji njia mpya za umma kufika ziwani, na hapo ndipo serikali italazimika kuzungumza na wenye hati, jambo ambalo kwa miaka yote hii imelikwepa, ikiona ni rahisi zaidi kuzungumza na wavuvi.

Na kwenye kila daftari la mwaloni ningetaka mistari mitatu iandikwe kwa pamoja kila siku: samaki ni wa aina gani, ana urefu gani, na maji yako kwenye alama gani. Ile ya tani iandikwe ya nne.